Askari wa langoni amempekua mwanangu kwa simu iliyopotea. Ana haki hiyo?

fundi_kongowea

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Huwa nasoma tu hapa bila kuandika, lakini leo nimeshikwa. Naomba mnisaidie.

Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa huku Kisauni, Mombasa. Jina la shule siandiki kwa sababu bado anasoma hapo. Mwaka jana vijana wenye mapanga waliwavamia wanafunzi njiani magharibi, wakitoka masomo ya ziada. Mmoja alikatwa mkono. Wazazi tukaitwa mkutano, mwalimu mkuu akatwambia mkuu wa kituo amekubali kutupa askari wawili wa kukaa langoni, asubuhi na jioni. Nilinyanyua mkono kukubali, tena nikasimama nikasema mimi sijalala usingizi wa maana tangu siku ile, na kama kuna askari wa kukaa pale basi aje hata kesho. Wakaja. Na haki ya Mungu, tangu waje njia imetulia. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nina chuki na polisi.

Sasa, Jumanne ya wiki mbili zilizopita simu ya mwalimu ilipotea ofisini mwa walimu. Mwanangu alikuwa ametumwa kupeleka madaftari ya hisabati mle ndani, kwa hiyo alionekana akitoka. Mwalimu wa nidhamu hakunipigia simu, hata mwalimu wake wa darasa hakuambiwa. Alimwita askari mmoja kutoka langoni, wakamtia mtoto kwenye stoo ya vitabu. Begi likamwagwa chini. Akaambiwa avue viatu, soksi, halafu shati. Alikaa humo tangu kipindi cha nne hadi kengele ya chakula cha mchana, askari amekaa mlangoni na bunduki mapajani. Mwisho akaambiwa, ukiandika hapa yanaisha hapa hapa, ukikataa twende ukalale kituoni. Akaandika mistari mitatu na sahihi. Simu hawakuipata kwake, na mpaka leo haijaonekana.

Haya yote hakunieleza. Mimi ni fundi cherehani, sare zake nashona mwenyewe. Usiku nikitenga nguo za kufua nikaona shati halina vifungo viwili vya juu, na pale palipokuwa na kifungo pameng'oka pamoja na kitambaa. Kifungo nilichokishona mimi hakitoki hivyo kwa mpira wala kwa kukimbilia matatu. Nilimuuliza hadi saa sita usiku ndipo akasema.

Na jingine ndilo linaloniuma zaidi. Tangu siku ile anaondoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri. Nilidhani anawahi kusoma. Kumbe askari hufika langoni saa kumi na mbili, na yeye anataka awe ameshapita. Jioni anasubiri mpaka waondoke ndiyo atoke. Yaani njia ile ile ya mapanga, ambayo askari waliletwa kwa ajili yake, mwanangu anaipita gizani asubuhi na gizani jioni ili asionane na askari.

Naomba kujua. Askari ana ruhusa ya kumpekua na kumhoji mtoto shuleni bila mzazi? Ile karatasi aliyoandika itamfuata? Nasikia jina likishaingia kwa makachero, cheti cha mwenendo mwema hupati tena, na bila hicho hata kazi ya bandarini hawakuandiki. Na nikienda kulalamika, watamfukuza?

mzee_wa_bakarani

Pole mama. Lakini simu haijapatikana bado, sivyo? Mtoto asiye na hatia haogopi kupekuliwa. Sisi tulipigwa na walimu na tukapigwa tena nyumbani, na tumekuwa watu. Hawa wa panga wametoka wapi kama si kuwatetea tetea hivi?

fundi_kongowea

Mzee wangu, shikamoo. Kama ameiba nitamleta mwenyewe, na simu nitailipa kwa mashine yangu ya kushonea. Ninachouliza si kama ameiba. Nauliza kwa nini alivuliwa shati na mtu mwenye bunduki, nami niko Kongowea, mwendo wa dakika kumi kwa tuktuk, na namba yangu ya simu iko kwenye faili lake.

sajini_mstaafu

Dada, nimevaa magwanda miaka 28, nimestaafu nikiwa sajini, sasa niko Changamwe nafuga kuku. Nitakujibu kama mtu wa ndani.

Kulinda ni kazi moja, kupeleleza ni kazi nyingine. Nilipangwa miaka mingi kulinda mtihani wa kidato cha nne. Asubuhi na mapema tunakwenda na mwalimu mkuu kwenye kontena la mitihani, tunasindikiza karatasi mpaka shuleni. Zikishaingia chumbani, mimi kazi yangu imeishia mlangoni. Nilikuwa nakaa chini ya mwarobaini, naangalia uwanja na lango. Kuna siku msimamizi alinipungia mkono dirishani, anataka niingie nimtishe kijana mmoja anayegeuka geuka. Sikuingia. Nilimwambia baadaye, nikipita na bunduki katikati ya madawati, vijana arobaini watasahau walichosoma, na yule mmoja utakuwa hujamtibu. Yeye ana mamlaka ya kumhamisha kiti. Angemhamisha.

Sasa kwa kisa chako. Swali la kwanza mimi ningeuliza ni hili: simu iliandikishwa OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi? Mwenye simu aende kituoni, apewe namba ya OB, kituo kimpe mpelelezi. Kama hakuna OB, basi pale stoo hapakuwa na upelelezi wa polisi. Palikuwa na mwalimu aliyeazima askari. Na yule kijana langoni alipaswa kusema, "Mwalimu, hii si kazi niliyotumwa." Wengi hawasemi. Wametoka chuo juzi, wanaona mwalimu ni mkubwa, na kukaa langoni kutwa kunachosha. Sisemi ili kumtetea. Nasema ili ujue mlango wa kubishia.

Chukua jina lake na namba yake ya huduma. Ni haki yako kuvijua, na naye anajua anapaswa kuvitoa. Andika barua kwa mkuu wa kituo, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Asipokujibu, ipo Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wana ofisi hapa Mombasa, na kulalamika huko hakulipiwi.

ticha_likoni

Nimesoma na nimeumia, na bado kuna jambo nataka lisemwe na mtu aliye darasani sasa hivi.

Mimi nafundisha Likoni. Muhula uliopita nilifungua begi la kijana wa kidato cha pili kutafuta daftari, nikakuta panga limefungwa kwa gazeti, mpini umezungushwa mpira wa baiskeli ili usiteleze mkononi. Miguu iliniisha nguvu. Nililifunga lile begi, nikatoka nje, nikamwambia mwalimu mkuu apige simu kituoni, na sijuti. Kwa panga, kwa mtu anayewauzia watoto bangi, kwa mtoto aliyeingiliwa na mtu mzima, polisi waitwe saa hiyo hiyo. Mwalimu anayemaliza mambo hayo ofisini mwake anakosea.

Lakini simu iliyopotea? Kutafuna muguka chooni, kuchelewa, kumjibu mwalimu vibaya? Hayo ni yetu. Na hapa lazima tuseme ukweli wenyewe kwa wenyewe sisi walimu. Kiboko kilipigwa marufuku 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza kwamba mwalimu akimpiga mtoto anaweza kufungwa hadi miezi 6, au faini ya hadi shilingi 100,000, au vyote viwili. Sawa kabisa, mimi siitaki fimbo irudi. Ila tulipokonywa fimbo bila kupewa mtu wa kukaa na watoto. Shuleni kwangu mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi 26 vya kemia kwa wiki. Ushauri anautoa saa ngapi? Basi askari alipowekwa langoni, baadhi yetu tuliona fimbo mpya imeletwa, tena hii haina kesi kwa mwalimu. "Nitakuitia afande." Nimeisikia sentensi hiyo ikisemwa kwa mtoto aliyesahau tai nyumbani.

Kwa hiyo dada, ukiandika barua ya kumlalamikia askari peke yake utakuwa umeshika nusu. Askari hakutoka langoni mwenyewe, aliitwa. Aliyemwita ndiye aliyetakiwa kukuita wewe, kumwita mwalimu wa darasa, na kumuuliza mtoto mlango ukiwa wazi. Barua ya pili iende kwa bodi ya shule. Kukufukuzia mtoto kwa sababu umelalamika hawawezi. Hata kumsimamisha kuna utaratibu, mzazi anaitwa na kusikilizwa. Na ile ya kumvua shati mtoto wa watu, hata angekuwa na simu tatu mfukoni, haikubaliki.

msaidizi_wa_sheria_Tononoka

Nafanya kazi ya kusaidia familia zenye kesi Mahakama ya Watoto hapa Tononoka. Mimi si wakili, lakini haya ni mambo ya kila siku kwetu.

Chini ya Katiba, mtoto ni yeyote asiyefika miaka 18, na kifungu cha 53 kinasema kumzuilia ni hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi na mbali na watu wazima. Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12. Mwanao wa 16 anaweza kushtakiwa, sikufichi. Lakini kwa kuwa anaweza kushtakiwa ndiyo maana utaratibu lazima ufuatwe: mzazi na afisa wa watoto wajulishwe. Tena sheria hiyo inataka makosa madogo ya watoto yatatuliwe nje ya mahakama kadiri inavyowezekana.

Kupekua: polisi anaweza kumpekua mtu akiwa na sababu ya kutosha ya kumshuku huyo mtu mwenyewe. "Alionekana akitoka ofisini" kwa mtoto aliyetumwa na mwalimu kupeleka madaftari ni sababu dhaifu sana. Kumvua nguo ni jambo zito zaidi. Mtakumbuka picha za 2015 za msichana wa shule aliyevuliwa na askari wakitafuta bangi. Mahakama Kuu baadaye, 2017, ilisema haki yake ya utu na ya faragha ilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia. Na yule bangi ilisemekana alikuwa nayo. Hoja haikuwa kama anayo au hana.

Ile karatasi sasa. Kukiri kosa hakukubaliki mahakamani mpaka mtu akiri mbele ya hakimu au jaji, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha juu asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Stoo ya vitabu si mahali hapo. Kuhusu cheti cha mwenendo mwema, hofu hiyo naijua imetoka wapi. Mwaka 2018, shule zilipokuwa zinachomwa, makachero walitangaza kwamba wanafunzi watakaopatikana na makosa wataandikwa kwenye rekodi zao. Wazazi wengi tangu hapo wanadhani kila karatasi ni rekodi. Mwanao hakupelekwa kituoni, hakuchukuliwa alama za vidole, hakushtakiwa. Lakini usiiache kwenye droo ya mtu. Omba nakala, na uombe kwa maandishi iondolewe kwenye faili lake.

Ukikwama, piga 116, simu ya watoto, haina malipo. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa pia wamezoea mambo haya hapa Mombasa. Na andika leo tarehe, saa, majina, na kila alichokwambia, kwa maneno yake. Shati usilishone kwanza, lipige picha.

mtoto_wa_kibokoni_Minneapolis

Nimezaliwa Kibokoni, sasa naendesha basi la shule huku Minneapolis. Huku Marekani askari hawakai langoni, wana ofisi yao ndani ya shule, ni mambo ya tangu miaka ya 1950. Baada ya polisi kumuua George Floyd Mei 2020, bodi ya shule za mji huu ilivunja mkataba na polisi mwezi uliofuata tu. Chicago nao walipiga kura Februari 2024 kuwaondoa. Kwingine wamebaki, na kwingine waliondolewa wakarudishwa.

Sikuambii muwaondoe. Sijui mapanga ya Kisauni yangekuwaje bila wao. Ila nilichojifunza kwa kusikiliza watoto kwenye basi ni kwamba askari akiwa karibu, kosa la shule hugeuka kosa la polisi kwa haraka mno. Watoto wawili wakisukumana, zamani waliitiwa wazazi, sasa wanatiwa pingu. Na ulinzi wenyewe nao si jambo la kuhesabiwa tayari. Uvalde, Texas, Mei 2022, polisi karibu 400 walifika na ikapita dakika 77 kabla hawajaingia darasani kumkabili muuaji. Walikufa watoto 19 na walimu wawili.

Shule zinazojitahidi huku zina mkataba wa maandishi kati ya shule na polisi, na ndani yake imeandikwa wazi kwamba nidhamu ya kawaida si kazi ya askari. Dada, kwenye ule mkutano wenu wa wazazi kuna kitu kiliandikwa?

fundi_kongowea

Hakuna kilichoandikwa. Swali hilo limenikosesha usingizi jana. Tulinyanyua mikono, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Hakuna aliyesema askari afanye nini na asifanye nini.

Nimewasikiliza. Shati nimelipiga picha. Alhamisi nilifunga kibanda mapema nikaenda shuleni na kaka yangu, mjomba wake mtoto. Tulikaa kwenye benchi saa nzima, halafu naibu wa mwalimu mkuu akatuita. Karatasi kweli ilikuwa kwenye droo. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mwanangu mwenyewe, hisabati upande wa pili. Jina la askari halipo, tarehe haipo. OB haipo, mwenye simu hakuwahi kwenda kituoni. Mwalimu wa nidhamu aliitwa, akasema, "Tulitaka kumuogopesha tu, mama." Nikamwambia ameogopa. Nikamwambia na saa anayotoka nyumbani. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama ni kweli, na nikaona hakuwa akijua. Nakala nimepewa. Kuiondoa kwenye faili wamesema mpaka bodi ikae, na bodi inakaa Jumamosi hii. Nimeandikiwa nafasi ya kusema.

Tukitoka nilimkuta askari mwenyewe langoni. Ni kijana mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilimsalimia nikamwambia mimi ni mama ya nani. Alisimama wima, akaniambia kama ticha_likoni alivyosema, "Mama, mimi niliitwa." Namba yake ya huduma alinitajia kabla sijaiomba. Barua kwa mkuu wa kituo nimeshaipeleka na muhuri umegongwa, kwa sababu kuitwa hakukumlazimisha kumvua mtoto shati. Lakini sitaki apoteze kazi, na sitaki lango libaki wazi. Namtaka pale pale, na abaki hadi mtoto wa mwisho avuke barabara, asiondoke saa kumi na mbili jioni wakati bado kuna watoto ndani.

Jumamosi nitaomba iandikwe, na mwalimu mkuu na mkuu wa kituo watie sahihi wote wawili: askari asipite lango mpaka kuwe na silaha, au mtu yuko hatarini, au kuna OB. Mtoto asihojiwe wala asipekuliwe na polisi bila mzazi wake kuwepo. Mwalimu asimtajie mtoto askari kwa kosa la shule. Na nitaomba pia yule mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, maana hata kwetu yupo na anafundisha kutwa. Sajini, na wewe wa Tononoka, nikiiandika hapa kesho usiku mtanisomea kabla sijaipeleka? Kiswahili cha ofisi hunisumbua.

Mzee wa Bakarani, simu bado haijapatikana. Nilimuuliza mwanangu tena, tukiwa wawili tu, nikamwapisha. Amesema hakuichukua, na mimi namuamini.

Leo pia ameondoka saa kumi na moja na robo. Nilimsindikiza mpaka stegi, tukakaa kwenye jiwe pamoja mpaka matatu ya kwanza ikaja.